Elimu Isiitwe Bure

Wako wasomi washikiliao kwamba Kiswahili ni lugha maskini, kwa kuwa neno moja la Kiingereza likitufikia hudai maneno manne au matano. Ushahidi waupendao ni neno "free". Hoja hiyo imesimamishwa kichwa chini. Penye maneno matano pana fikira tano zilizokwisha pambanuliwa.

Na tulipime neno lenyewe. Nchi iliyojitawala ni huru. Soko lisilobanwa ni huria. Atendaye kwa kupenda kwake hutenda kwa hiari. Asiye na shughuli ana nafasi. Kilichotolewa pasipo bei kimetolewa bure. Zama za utumwa, watu wa pwani walimpambanua muungwana, aliyezaliwa pasipo kumilikiwa, na mahuru, aliyetolewa utumwani. Neno "free" peke yake huwafunika wote hao kwa shuka moja.

Basi hatari haimo katika lugha. Imo katika mfasiri mvivu aokotaye kisawe cha kwanza. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne. Serikali iliandika "bila malipo", lakini majukwaani na magazetini ikavuma "elimu bure". Bure ina ncha mbili: kisicho na bei, na kisicho na faida. Aliyehangaika pasipo mafanikio amehangaika bure. Mtu asiyefaa kitu ni mtu bure. Je, hiyo ndiyo sifa ya elimu?

Mfikirie mkulima wa Kawetele, wilayani Rungwe, ambaye Kinyakyusa ndiyo lugha ya nyumbani kwake, na Kiswahili ndiyo lugha ya serikali masikioni mwake. Ameambiwa elimu ni bure. Kisha anatakiwa anunue sare na madaftari, maana Waraka Na. 3 wa 2016 ulimwachia mzazi wajibu huo. Afikiri nini? Ama mwalimu ni mlaghai, ama serikali ni mwongo. Hakuna aliyemlaghai ila neno; lakini atakayeingia darasani bila daftari ni mtoto.

Nitajibiwa kwamba watu husema bure na kuelewana. Naam, huelewana sokoni, ambako mkungu wa ndizi u mbele ya macho ya mtoaji na mpokeaji. Ahadi ya serikali haionekani kwa macho. Hujulikana kwa maneno yake tu. Hata "bila malipo" hainiridhishi, kwani anunuaye daftari amelipa. Iandikwe "elimu bila ada wala mchango wa lazima". Ni ndefu, lakini ni kweli, na urefu wa kweli ni nafuu kuliko ufupi wa uongo.

Wanafunzi wa tafsiri, msiulize neno hili kwa Kiswahili ni nini. Ulizeni kwanza: hapa limekusudia nini, na nani atalipia kosa langu?