Msiisingizie baridi!

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juni iliyopita nililala jirani na kituo kimoja cha afya huko Makete (sikitaji, nia yangu si kumfukuzisha mtu kazi). Saa kumi na moja alfajiri kukawa na mama mjamzito wa kukimbizwa hospitali kubwa. Gari la wagonjwa lipo, Land Cruiser yenye mkonga, dizeli imo. Dereva akapiga stata. Ng'wee... ng'wee... kimya. Tukaitwa wanaume tusukume, wapi! Mwisho likaletwa karai la makaa ya moto, likasukumwa chini ya injini. Dakika 40 zikapita ndipo likawaka.

Mama alifika salama, mtoto naye salama. Tukapongezana! Nilipomuuliza dereva tatizo ni nini, akacheka: "Baridi tu, ndugu mwandishi. Kila Juni ndivyo tulivyo."

Hapo ndipo ninapogomba. Kule Kitulo umande huganda kwenye nyasi miezi ya Juni na Julai, babu zetu waliyakuta hayo. Kitu kinachokuja kila mwaka mwezi ule ule tunakiitaje dharura?

Tena baridi yenyewe haina kosa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inaibana hewa mpaka ipate joto la kuunguza mafuta. Asubuhi ya baridi chuma kinalinyonya joto hilo, ndiyo maana zikawekwa plagi za hita, moja kwa kila silinda. Injini ya 1HZ inazo sita. Zikifa tatu, Dar es Salaam gari linaweza kuwaka kila siku na asijue mtu. Lipandishe Makete uone! Baridi haikuziua hizo plagi, imezifichua tu.

Kuzipima wala si sayansi ya anga. Fungua kipande cha chuma kinachoziunganisha, chukua balbu ya indiketa na waya mbili. Waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine, kupitia balbu, kwenye kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, plagi haijakatika. Isipowaka, imekufa, tafuta nyingine.

Na gari lenyewe linasema, ukilisikiliza. Stata ikizunguka kivivu, angalia betri, ule unga kwenye vichwa vyake, na oili. (Oili namba 40 tupu asubuhi ya baridi inakuwa kama asali, afadhali 15W-40.) Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12, usitafute mchawi. Stata ikizunguka vizuri na moshi mweupe ukatoka, dizeli inafika ila haiungui, nenda kwenye hita. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, anza na filta.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunanunua betri! Lile gari lilikuwa na betri mpya, stika haijabanduka. Wengine wanapuliza ile dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa huku hita zinawaka. Ndugu yangu, hiyo inaweza kulipuka humo humo ndani. Na makaa chini ya injini inayovuja dizeli je? Siku moja tutazika gari na dereva pamoja.

Najua nitajibiwa: hakuna fungu. Sawa. Betri ilinunuliwa kwa fungu gani? Fungu lilikuwepo, wa kuuliza gari linaumwa nini ndiye hakuwepo.

Dereva simlaumu. Yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye baridi akipuliza makaa. Nawalaumu wanaosaini karatasi za matengenezo bila kufungua boneti. Kwao nina ombi moja: kila Mei, kabla baridi haijaingia, zipimwe plagi zote, betri na oili, iandikwe kwenye daftari la gari nani kapima na kakuta nini. Asubuhi moja inatosha kwa kazi hiyo.

Safari hii tulisubiri dakika 40 na mama akatuvumilia. Mwingine damu ikimtoka, nani atamwambia asubiri makaa yakolee?

Naomba kuwasilisha.