Fremu Imepakwa Rangi, Gunia Liko Sakafuni

Vijana wa Kapalamsenga ni wachapakazi, wala hakuna wa kulibishia hilo. Wananunua mahindi mashambani, wanafuata dagaa na migebuka mwaloni, wanawauzia wachimbaji wa shaba na wasafiri wa Mpanda. Aliyekuwa kibarua juzi leo ana fremu yake. Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini lipo moja linalokera: mtaji unaishia kwenye rangi ya mlango, rafu za vioo na spika ya muziki, na mahali pa kuweka mali panatafutwa mali ikiwa tayari mlangoni.

Ingia stoo ya namna hiyo uone. Magunia yamelazwa juu ya saruji tupu, yameegemea ukuta ambao masika yote hutoka unyevu. Unga umebanana na dumu la mafuta ya taa, na dagaa wamepanda juu ya sukari. Ikifika Januari, bei ya mahindi imepanda, mwenye mali anafungua gunia na kukuta vumbi. Ndipo anapolalamika kuwa amerogwa!

Nani asiyejua habari za Nabii Yusufu? Wasomao Biblia wanamjua, wasomao Kurani wanamjua. Mavuno ya miaka saba ya Misri yangeteketea bure kama si maghala yake; na Kurani inasimulia kuwa aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake. Wazee wetu nao walikuwa na vihenge vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na vichanja vya mahindi juu ya moto wa jikoni. Mjukuu mwenye simu ya kisasa anashindwaje na bibi yake?

Tena adui wa leo ni mkali kuliko wa zamani. Dumuzi, mdudu atoboaye mahindi, alitoka Amerika ya Kati, akagundulika mkoani Tabora, majirani zetu kabisa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakampachika jina la Scania, lile lori kubwa. Na penye unyevu huota ukungu uletao sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kinga ni bora kuliko tiba.

Na kinga yenyewe haihitaji utajiri. Mbao chache zikipigiliwa zikawa chaga, gunia limeshaachana na sakafu. Pakiachwa nafasi ya mtu kupita kando ya ukuta, hewa inazunguka na panya hana maficho. Kupima ukavu kunataka chupa ya kioo iliyokauka, mahindi ya kiganja na chumvi kavu kidogo. Tikisa kwa dakika moja, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani juu ya turubai. Ikibaki chini, yanafaa kuhifadhiwa. Yaliyokauka sawasawa yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na mfuko wa nje uliofumwa, kila tabaka lifungwe peke yake. Wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa yoyote. Yule anayetia vidonge vya kufukiza katika chumba anacholala na wanawe anacheza na mauti, kwa maana gesi yake haichagui kati ya mdudu na mtoto.

Daftari nalo? Mali bila daftari huisha bila habari. Gunia liandikwe tarehe ya kuingia, na la kwanza kuingia liwe la kwanza kutoka.

Na kwa kuwa magunia yametajwa, lumbesa haiwezi kupita kimyakimya. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini wapo wanaolivisha kilemba cha kamba na kumlipa mkulima bei ya gunia moja. Ni dhuluma, na vitabu vyote viwili vitakatifu vinamlaani apunjaye vipimo. Isitoshe, lumbesa haipangiki: mishono inafumuka, rundo linapinda, na mahindi yanayomwagika yanawaita panya. Kijana anayeanza biashara anunue mzani kabla ya spika, auweke mlangoni mwa stoo, na mkulima asome kilo zake kwa macho yake mwenyewe kabla gunia halijapanda chagani.