Jani la Mkonge Njiani Kwenda Korona

Lori lililosheheni majani ya mkonge, likitoka shambani asubuhi kuelekea korona, yaani kiwanda cha kuchambua nyuzi zake, ni jambo la kila siku kwa mtu wa Korogwe, nami niliyefundisha biolojia katika wilaya hiyo na katika jirani yake, Handeni, nililiona miaka mingi pasipo kulitazama, mpaka siku moja mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyekwisha kunisomea sifa saba za viumbe hai bila ya kukosa hata moja, aliponiuliza: "Mwalimu, yale majani yaliyomo ndani ya lori yako hai au yamekufa?" Nikamjibu upesi kwamba yamekufa, maadamu yamekatwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake alikata kijiti cha muhogo, akakichomeka ardhini, nacho kikachipua. Jibu langu lilikuwa la makosa. Seli za jani lile huendelea kupumua kwa muda mrefu baada ya kisu kupita, na mauti huliingia kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu. Toleo hili la jarida letu, mintarafu ya kufundisha sifa za uhai kwa wanaoanza, asili yake ni swali hilo.

Hoja ninayotaka kuisimamisha ni kwamba kujongea, kuhisi, kupumua, kujilisha, kukua, kuzaliana na kutoa takamwili, hata mwanafunzi ayatamke kwa ufasaha ulioje, hayajawa maarifa kwake mpaka awe ameyatumia kuhukumu kitu chenye shaka, akabishana na wenziwe, akashindwa, akarudi kuangalia tena. Aghalabu sisi walimu huanza na ng'ombe na jiwe. Lakini ni nani aliyepata kushuku uhai wa ng'ombe? Somo lisilo na shaka ndani yake halimlazimishi mtoto kufikiri, naye hutoka darasani na orodha mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo asionyeshwe mlango.

Tena mtoto haji mtupu. Huja na hukumu ya uhai iliyokwisha kukaa ulimini mwake, kwa kuwa Kiswahili husema ng'ombe anakula na inzi anaruka, lakini mti unakua. Kwa kaida ya sarufi mti umesimama safu moja na mkate na mto, wala haumo katika safu ya mbwa na mdudu. Na lugha hiyo hiyo husema mti umekufa, na husema pia gari limekufa. Neno "hai" tumelipata kwa Waarabu, shina moja na "hayati" na "hayawani". Ilhali "mzima," neno letu la Kibantu, huchukua pamoja maana ya aliye hai, aliye na afya na aliye kamili asiyepungua. Mimi naona neno hili la pili limekaribia zaidi kile ambacho biolojia inakitafuta, yaani kitu kinachofanya kazi usiku na mchana ili kibaki kizima, kikiacha kazi hiyo kinaoza. Na zile sifa saba ni namna za kazi hiyo moja. Mwalimu asiyeyazungumza haya na wanafunzi wake kabla ya kuvuka nao kwenda katika Kiingereza cha sekondari huwaacha na maneno mawili yasiyojuana: mtoto anayesema kwamba mkonge haupumui kwa kuwa hauna pua hakukosa akili, bali hakuna aliyemwambia kwamba neno "kupumua" limebebeshwa mambo mawili, kuvuta hewa kifuani na kukichoma chakula taratibu ndani ya seli.

Basi na tuutazame huo mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida, nayo katika safari ndefu ya bahari ikafa karibu yote, ikasalia hai 62. Nadhani aliyeipokea hakuweza kuihukumu kwa orodha yetu, kwa sababu mche uliokauka nusu haujongei wala haukui machoni pa mtu. Dawa ilikuwa kuupanda na kungoja. Mkonge wa ukoo huo hukaa miaka 7 au zaidi, kisha huinua mlingoti mrefu kushinda paa la nyumba, hutoa maua mara moja tu katika maisha yake, na maua hayo kwa kawaida hayazai mbegu. Badala yake vimche vidogo huota juu kule matawini, vikaanguka vikashika ardhi, na mama akafa. Mwulizeni mwanafunzi: mkonge uliokatwa mlingoti kabla ya kuzaa haukuwa hai? Na baghala, asiyezaa aghalabu? Hapo ataona mwenyewe kwamba kuzaliana ni sifa ya jamii kabla haijawa ya mmoja mmoja.

Kwa upande wa Handeni ningeshika muhogo wenye batobato, ambao majani yake yamekunjamana na kupiga madoa ya manjano. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza na Warburg mwaka 1894, katika habari za mazao ya Usambara. Na katika miaka ya 1930 H. H. Storey na wenziwe walikuwa Amani, juu ya milima hiyo hiyo, wakitafuta muhogo utakaoustahimili. Chanzo chake ni virusi, vichukuliwavyo na inzi weupe. Navyo havili, havipumui, havikui, lakini vikiingia ndani ya seli ya muhogo huifanya ivinakili kwa maelfu. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alivigandisha virusi vya tumbaku vikawa fuwele mfano wa chumvi, na fuwele hizo zikaweza bado kuambukiza. Je, viko hai? Sitaki mwalimu alifunge shauri hili, kwa kuwa wataalamu wenyewe hawajalifunga.

Moto wa tanuri la mkaa nao unafaa kuhukumiwa kwa orodha ile: unakula, unavuta hewa, unatoa majivu, unazaa cheche. Dakika 10 za kubishana juu yake zinatosha.

Mwisho napendekeza jaribio moja. Chukua chupa mbili za chai, moja utie kunde zilizolowekwa, ya pili kunde zilizochemshwa zikapoa, uzibe kwa pamba pamoja na kipimajoto. Kunde zinazoota hupata joto kwa sababu zinapumua. Mara ya kwanza nilipolifanya, sikuziosha zile zilizochemshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na siku ya nne nazo zikaanza kupata joto. Niliona haya, nikataka kuificha chupa, wanafunzi wakakataa. Tukazimwaga mezani, zimevaa ukungu mweupe. Msichana mmoja akainama akazitazama kwa karibu, akasema, "Basi Mwalimu, aliyepumua humu si kunde," na kipindi chote kilichobaki tukakimaliza tukibishana ukungu ule uliingia lini, na ulikuwa wapi kabla ya hapo.