Wepesi wa Betri: Gari la Mashindano na Lori la Foleni

Mpakani Tunduma, mkoani Songwe, dereva wa lori hupata muda mrefu wa kuitafakari betri yake. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mbeya, Mlowo na Vwawa, kisha hufika hapo na kuingia Nakonde upande wa Zambia. Malori yaendayo huchukua mafuta, mbolea na bidhaa za madukani. Yarudiyo huchukua shaba ya Zambia na ya Kongo, pamoja na kobalti. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 ili kuharakisha kazi, lakini hata baada ya hapo misururu ya kilomita kadhaa imeonekana mara kwa mara. Dereva huzima injini ili asiteketeze dizeli bure. Taa ndogo, redio, simu za watu wawili na pengine jokofu dogo la ndani ya kabini huendelea kunywa umeme usiku kucha. Alfajiri foleni inaposogea, ufunguo huzungushwa, na stata hujibu kwa mlio mmoja mdogo, kisha kimya.

Siku hizi mtu wa namna hiyo huletewa dawa mpya: betri ya lithiamu, ndani ya sanduku lenye picha ya gari la mashindano. Muuzaji huinyanyua kwa mkono mmoja, jambo lisilowezekana kwa betri ya kawaida ya lori, na huo wepesi wenyewe huwa ndio hoja yake kubwa. Ikiwa mabingwa wa mbio huitumia, husema, dereva wa Tunduma ataikataaje?

Ana sababu nzuri ya kuikataa, au walau ya kuuliza maswali mawili kabla ya kufungua pochi. Wepesi wa betri ni wa aina mbili, na sokoni aghalabu aina zote mbili huuzwa kwa jina moja. Mwenye gari la mashindano huzihitaji zote. Mwenye lori la foleni huhitaji ya kwanza tu, na ya pili humletea hasara.

Aina ya kwanza hutokana na kemia. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo misingi yake ni ile ile: mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfuriki, kila seli ikitoa volti 2 hivi, seli sita zikiungwa mfululizo kupata volti 12. Risasi ni metali nzito mno, na sehemu kubwa ya uzito huo haishiriki katika kutoa umeme bali hushikilia tu umbo la mabamba. Ndiyo maana kilo moja ya betri hiyo huhifadhi wati-saa 30 hadi 40 tu. Lithiamu, kinyume chake, ni metali nyepesi kuliko zote. Betri zake za kuchaji ziliingia sokoni mwaka 1991 kwa kazi ya kampuni ya Sony ya Japani, na wanasayansi watatu waliozifungulia njia, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019.

Hapana budi kukumbuka kwamba lithiamu si betri moja bali ni ukoo. Katika ukoo huo wamo wenye nikeli na kobalti, ambao huhifadhi nishati nyingi zaidi kwa kila kilo lakini huwa wepesi wa kushika moto wakiumizwa au wakichajiwa kupita kiasi. Wamo pia wenye fosfeti ya chuma, ambao nishati yao kwa kilo ni pungufu, ilhali ustahimilivu wao wa joto na wa misukosuko ni mkubwa zaidi. Betri ya kuwashia gari, iwe ya mashindano au ya kawaida, huwa karibu daima ya fosfeti ya chuma. Seli yake hutoa volti 3.2, nne zikiungwa mfululizo huleta volti 12.8, kiasi kinachoafikiana vizuri na mfumo wa gari uliozoea risasi. Kilo moja ya betri iliyokamilika hutoa takriban wati-saa 100. Inachekesha kidogo kwamba kobalti inayopita Tunduma juu ya malori hayo hayo haimo kabisa ndani ya betri anayouziwa dereva wake.

Hadi hapa hakuna hila. Nishati ile ile imewekwa katika uzito unaokaribia theluthi moja, na sifa hiyo ni ya haki.

Aina ya pili ya wepesi hutokana na upungufu wa kilichomo. Stata ya gari hudai mkondo mkubwa sana kwa sekunde chache. Betri ya risasi haiwezi kutoa mkondo huo kama mabamba yake si makubwa, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuijaza risasi nyingi, na mnunuzi hupata akiba kubwa hata kama hakuiomba. Seli ya fosfeti ya chuma haina kizuizi hicho. Akiba ndogo huweza kutoa mkondo mkubwa. Basi mtengenezaji huweza kupunguza akiba hadi theluthi moja, na stata bado ikazunguka kwa nguvu zile zile. Kisha juu ya sanduku huandikwa kwamba betri hii ni "sawa na ampea-saa 60 za risasi", ilhali ndani yake zimo ampea-saa 20 tu. Maneno hayo ni kweli kwa habari ya kuwasha injini. Kwa habari ya kukesha foleni ni uongo.

Katika mashindano upungufu huo haumdhuru mtu, kwa sababu gari la mbio halikai. Injini ikishawaka, alteneta huchukua kazi yote, na akiba ya betri huwa mzigo usio na faida. Sheria ya pili ya Newton, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari ameikariri, hueleza yaliyobaki: kwa kani ile ile, mchapuko huongezeka kadiri tungamo linavyopungua. Gari la mashindano la daraja la Rally2 halitakiwi kuwa chini ya kilo 1,230. Betri ya risasi ya ampea-saa 60 huwa na kilo 15 hivi. Ile nyepesi ya mbio huwa na kilo 3 au 4. Tofauti ni takriban asilimia moja ya uzito wa gari, na katika mchezo unaoamuliwa kwa sekunde, asilimia moja si kitu cha kudharauliwa. Hata hivyo kanuni za mchezo huweka mtego hapa. Gari likishafikia uzito wa chini unaoruhusiwa, kila kilo iliyoondolewa kwenye betri hurudishwa kwa kipande cha chuma. Faida inayobaki ni kwamba fundi huchagua mahali pa kukifunga chuma hicho, chini na katikati, ili gari lisiyumbe kwenye kona.

Afrika Mashariki imeliona jambo hili kwa macho yake. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakapita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka hiyo ya mwanzo ustahimilivu ulithaminiwa kuliko wepesi: Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, na magari yalibeba vyuma vya kuzuia wanyama pamoja na taa kubwa za ziada kwa ajili ya usiku. Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, mambo yalikuwa yamebadilika. Na kuanzia mwaka 2022 magari ya daraja la juu yalilazimishwa kubeba mota ya umeme ya kilowati 100 pamoja na betri ya lithiamu ya kilowati-saa 3.9.

Msomaji na agawanye 3.9 kwa 100. Atapata saa 0.039, yaani sekunde 140. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nguvu na nishati, ambayo vitabu huieleza kwa maneno mengi: mota ilikuwa na nguvu nyingi, lakini betri iliyojaa ingeweza kuiendesha kwa ukamilifu wake kwa dakika mbili na sekunde 20 tu, isipokuwa irudishiwe nishati wakati wa kufunga breki. Mfumo huo uliondolewa kabla ya msimu wa 2025, na uzito wa chini wa magari hayo ukashushwa kwa kilo 80, kutoka 1,260 hadi 1,180. Hata mabingwa, wenye fedha na wahandisi wa kila namna, walifikia mahali pa kuuweka mzigo huo chini.

Sasa hesabu hiyo hiyo ipelekwe Tunduma. Lori kubwa lenye shehena huruhusiwa kufikia tani 56. Betri zake mbili za risasi, za ampea-saa 180 kila moja, huwa na kilo 90 hivi kwa pamoja. Zikibadilishwa kwa lithiamu yenye akiba ile ile, kilo 45 hivi huokolewa; nazo ni chini ya asilimia 0.1 ya uzito wote. Ni uzito wa lita 54 za dizeli, ambazo lori lililosheheni huweza kuzimaliza katika mwendo usiozidi sana ule wa kutoka Mbeya hadi mpakani. Katika kupanda mlima Senjele hakuna dereva atakayeihisi tofauti hiyo. Kwa hiyo anayemshawishi mwenye lori kwa hoja ya wepesi anamuuzia kitu asichokihitaji.

Anachokihitaji ni saa za kukesha. Tuseme vifaa vya kabini ya gari dogo la mizigo hunywa ampea 5. Betri ya risasi ya ampea-saa 60 ingevilisha kwa saa 12, ingawa kwa afya ya mabamba yake haifai kuteremshwa chini ya nusu, basi saa 6. Ile ya mbio, yenye ampea-saa 20, huisha kwa saa 4. Na saketi yake ya ulinzi, ambayo imewekwa kwa nia njema ya kuokoa seli, hukata umeme wote ghafla. Aliyelipa fedha nyingi zaidi hulala gizani kabla ya jirani yake. Lakini kama angenunua lithiamu yenye ampea-saa 60 za kweli, angekesha saa 10 au zaidi bila kuiumiza, na betri ingestahimili kujazwa na kutumiwa mara nyingi kuliko ya risasi. Tatizo, basi, haliko katika lithiamu. Liko katika ile theluthi iliyopewa jina la ukamilifu.

Yapo mengine ambayo fundi wa Tunduma hana budi kuyaangalia. Volti za alteneta zisizidi 14.6 kwa betri ya volti 12. Seli za fosfeti ya chuma zisichajiwe chini ya nyuzi sifuri. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda za Mbozi huwavalisha watu makoti, lakini kwa kawaida haifiki huko, na adui mkubwa zaidi ni joto la injini na la bomba la moshi. Lori lenye volti 24 hutumia betri mbili zilizoungwa mfululizo: kuondoa moja iliyokufa na kuweka lithiamu kando ya mwenzake wa risasi ni kosa kubwa, kwani mkondo ule ule hupita katika zote mbili ilhali kila moja hujaa kwa wakati wake, na moja huishia kuchajiwa kupita kiasi.

Mnunuzi ana haki ya kuona wati-saa halisi zimechapwa juu ya betri, bila neno "sawa na", na hilo ni jambo linalofaa kusimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo mhuri peke yake hautoshi kama hakuna anayeweza kuusoma. Somo la seli katika shule za sekondari limezoea kuishia kwa Leclanché na risasi, na mwanafunzi hufaulu mtihani kwa kuchora mchoro wenye majina sahihi. Mwanafunzi huyo huyo, akiwa Vwawa au Tunduma, huenda nyumbani kwa mjomba wake mwenye lori na hana la kumwambia.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara ya fahari. Betri ijazwe kikamilifu. Taa ya mbele ya gari ya wati 60 iunganishwe nayo. Hiyo hunywa ampea 5 hivi. Wanafunzi wasome voltimita kila baada ya dakika 15 na kuandika, hadi volti zitakaposhuka kufikia 12, kisha taa izimwe. Saa zilizopita zizidishwe kwa 5, na jibu lilinganishwe na maandishi ya sanduku, kwa kukumbuka kwamba betri ya risasi ikifika hapo huwa imebakiwa na karibu nusu, ilhali ya fosfeti ya chuma huwa karibu tupu. Kazi ifanyike nje au penye madirisha wazi, kwa kuwa betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na mwalimu ahakikishe kwamba hakuna spana iliyoachwa juu ya vichwa vya betri.