Barua ya Dola Themanini na Tano

Itwaliwe mfano wa sajenti aliyestaafu, ambaye kwa kiinua mgongo chake amejenga nyumba ya wageni ya vyumba sita karibu na Fort Portal, mji upitiwao na watalii waendao kuwaona sokwe wa msitu wa Kibale. Binti yake amemtengenezea tovuti yenye picha na bei. Haujapita muda, inafika barua pepe yenye nembo na lugha ya kiserikali: alipe dola 85 kabla ya siku saba, la sivyo jina la nyumba yake litafutwa katika mitambo ya kutafutia habari. Mzee, aliyezoea kutii amri iliyoandikwa, yu tayari kulipa. Mkewe, ambaye fedha hiyo amekwisha ipangia magodoro, anauliza inanunua nini.

Swali hilo ni la haki, kwa maana zamani kuorodheshwa kulikuwa bidhaa ya kweli. Orodha ya Yahoo, iliyoanzishwa mwaka 1994 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilitungwa na watu waliozisoma tovuti mojamoja. Kufikia mwaka 2002 tovuti ya biashara ilitozwa dola 299 kila mwaka. Tena malipo ya kwanza yalikuwa ya kukaguliwa tu, na aliyekataliwa hakurudishiwa fedha yake. Hata hivyo waliolipa hawakuwa wajinga, kwani wanunuzi wengi walianzia hapo. Orodha hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014.

Hivi leo kazi hiyo hufanywa na programu zitambaazo kutoka kiungo hadi kiungo, zikisoma kurasa na kuziweka katika kumbukumbu. Google haipokei malipo ili iingize tovuti katika matokeo yake ya kawaida, wala ili iipandishe juu. Mwenye tovuti aweza kuitambulisha mwenyewe bila ada, kisha akangoja, pengine siku chache, pengine majuma kadhaa. Nyumba ya wageni yaweza pia kuandikishwa bure katika ramani ya Google, pamoja na simu na picha zake. Kwa biashara ya kando ya barabara, hilo aghalabu lafaa kuliko tovuti yenyewe.

Kujua kama tovuti imekwisha ingia ni kazi ya dakika moja. Katika kisanduku cha kutafutia huandikwa neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Kurasa zikijitokeza, mwandishi wa barua ile anauza kitu ambacho mzee anacho tayari. Zisipojitokeza, si hoja ya kukata tamaa, wala si hoja ya kumlipa mgeni asiyejulikana.

Yapo malipo mengine yasiyo ya udanganyifu, nayo ni ya tangazo. Mtindo huo ulienezwa na kampuni ya GoTo tangu mwaka 1998: mwenye biashara hutaja bei atakayotoa kila mtu anapobofya jina lake. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka mitambo ya kutafutia iyatenge wazi matokeo yaliyolipiwa na yasiyolipiwa, na ndiyo sababu matangazo hubandikwa alama. Tangazo laweza kumfaa mzee miezi ya watalii wengi, mradi aweke kikomo cha fedha ya kila siku. Lakini fedha ikiisha, tangazo hutoweka siku hiyo hiyo. Tena kubofya si kulala. Waweza kulipia wadadisi hamsini, wasilale hata wawili.

Kwa hiyo mama anafungua daftari mapokezini. Kila mgeni anaulizwa alivyoijua nyumba: kwa dereva, kwa rafiki, kwa ramani au kwa simu yake. Msimu mmoja ukipita, hesabu ya daftari hilo ndiyo itakayoamua kama tangazo lijaribiwe. Barua ya dola 85 haikujibiwa. Magodoro mawili yamekwisha nunuliwa.