Land Cruiser Si Mtumbwi

Kila masika habari huwa ile ile: gari la mradi au la ofisi limesombwa kwenye korongo, na waliokuwamo walikuwa wanawahi kikao. Aghalabu si gari bovu. Ni gari lenye nguvu, linalovuta kwa tairi zote nne, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Kuvuta kwa tairi nne kunasaidia pale tu tairi zinapoikamata ardhi. Maji yaendayo kasi, yakishapita goti kidogo, sentimita 60 hivi, yanatosha kuliinua gari kubwa na kulisukuma. Likishaelea, hakuna gia itakayolisaidia. Desemba 2021, kule Mwingi nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 30. Basi lile lilikuwa zito kuliko Land Cruiser yoyote.

Kanuni ya wazoefu ni fupi: maji usiyoweza kuyavuka kwa miguu, usiyavuke kwa gari. Dereva ashuke, ashike fimbo, apime kina na sakafu ya mto. Na kama anaogopa mamba, jibu ameshalipata. Injini nayo ikivuta maji badala ya hewa, maji hayabanwi. Konrodi hupinda, safari ikaishia hapo.

Kwenye tope tatizo huwa dogo na la aibu. Magari mengi ya kazi yana frihabu za kufunga kwa mkono kwenye tairi za mbele. Dereva anavuta wenzo wa tairi nne ndani ya kabini, frihabu ziko wazi, gari linaendelea kusukumwa na tairi za nyuma peke yake. Anakanyaga mafuta; udongo mweusi wa mbuga unaruka hadi kwenye vioo, ekseli inazama. Frihabu hufungwa kabla ya tope, kwenye ardhi ngumu. Mchangani, punguza upepo wa tairi hadi karibu nusu, na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya lami.

Kuvutana ndiko kunakoua kimyakimya. Kamwe usifunge kamba kwenye kile kichwa cha duara cha kufungia tela. Kikikatika huruka kama risasi. Funga kwenye ndoano iliyoshikana na chesisi, na watu wakae mbali kuzidi urefu wa kamba.

Haya yote madereva wengi wanaweza kujifunza kwa siku chache, lakini nani anawafundisha? Ofisi inanunua gari kwa mamia ya mamilioni, halafu inamkabidhi mtu ambaye mtihani wake wa leseni haukufika matopeni. Baya zaidi ni sauti ya kiti cha nyuma: “Pita tu, hili gari si la kuogopa maji.” Dereva mwenye mkataba wa mwaka mmoja atambishiaje mkuu wake?

Waajiri waandike kwenye kanuni za safari kwamba mtoni neno la mwisho ni la dereva, na kwamba hatakatwa hata shilingi kwa kuchelewa. Waandike sasa, mvua hazijaanza.