Gini 15 za Coleridge-Taylor

SAFU YA IJUMAA
Na Zuhura Mwakyoma

Novemba 11, 1898, katika Chuo cha Kifalme cha Muziki jijini London, kijana wa miaka 23 aliisikia kwaya ikiimba, pamoja na okestra, kazi yake mpya iitwayo Hiawatha's Wedding Feast, yaani Karamu ya Harusi ya Hiawatha. Aliyeongoza ni mwalimu wake, Charles Villiers Stanford. Arthur Sullivan, mmoja wa watunzi wenye jina kubwa kabisa Uingereza siku hizo, alikuwa mgonjwa lakini akaja. Baada ya usiku ule jina la Samuel Coleridge-Taylor lilisambaa mji kwa mji, na haikupita miaka mingi kwaya ambayo haijaimba Hiawatha ikaonekana imelala.

Kazi hiyo aliiuza kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Kampuni ya uchapishaji ya Novello ililipa mara moja, mtunzi akatia sahihi, wakaachana. Vitabu vya nota vikauzwa kwa mamia ya maelfu. Katika kila nakala iliyouzwa, fungu la mtunzi lilikuwa sifuri. Kwa ufupi, aliuza mwembe akidhani anauza maembe ya msimu.

Maisha ya watunzi wakubwa husimuliwa kwa namna moja tu. Tunaambiwa uziwi wa Beethoven, madeni ya Mozart, mapenzi ya huyu na kifua kikuu cha yule. Ni masimulizi matamu, nami huyasoma kama kila mtu. Lakini ukitaka kujua mtunzi alilala njaa au alishiba, na kwa nini aliandika simfoni mia badala ya kumi, tafuta mkataba wake. Karatasi moja yenye sahihi mbili itakueleza mengi ambayo sanamu lake pale bustanini halisemi.

Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875. Baba yake, Daniel Peter Hughes Taylor, alikuwa mtu wa Sierra Leone aliyekwenda kusomea udaktari, kisha akarudi Afrika Magharibi. Mtoto alibaki na mama yake, Alice, wakaishi Croydon nyumbani kwa babu, fundi wa kupigilia farasi viatu. Huko ndiko alikoanza kushika fidla. Akiwa na miaka 15 aliingia Chuo cha Kifalme kama mpiga fidla, akahamia utunzi. Mwaka 1898 Edward Elgar alipoombwa kutunga kazi kwa ajili ya tamasha la kwaya la Gloucester, alisema ameelemewa, akawaelekeza kwa kijana huyo. Ukitaka ushahidi kwamba kipaji kilikuwepo, na kwamba wakubwa walikiona, huo unatosha.

Basi kipaji kilikuwepo. Jina lilikuwepo pia, hata ng'ambo ya bahari. Mwaka 1901 waimbaji weusi wa Washington waliunda kwaya wakaipa jina lake, na mwaka 1904 akavuka bahari kwenda kuiongoza; Rais Theodore Roosevelt akamkaribisha Ikulu. Alirudi Marekani mwaka 1906 na 1910. Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Waafrika ulipofanyika London mwaka 1900, yeye alikuwamo, na muziki wa mkutano ulikuwa mikononi mwake. Mwaka 1905 alitoa mkusanyiko wa nyimbo 24 za watu weusi alizozipanga kwa piano, na dibaji yake ikaandikwa na Booker T. Washington. Miaka ile Mwafrika alionyeshwa Ulaya kama kioja cha maonyesho. Huyu alisimama mbele ya okestra za Wazungu akiwa na fimbo mkononi, nao wakamfuata.

Fedha ndiyo iliyokosekana. Alikuwa na mke, Jessie, na watoto wawili; wa kwanza alimwita Hiawatha, kama kwamba kazi ile imlipe japo kwa jina. Ili nyumba isimame alifundisha katika vyuo kadhaa vya muziki, alikuwa jaji wa mashindano ya kwaya, aliongoza kwaya mji huu leo na mji ule kesho, na usiku akatunga. Mwisho wa Agosti 1912 alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon. Septemba 1 akafa kwa nimonia, umri wake miaka 37.

Mfalme George wa Tano alimpa mjane pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Watu walimsifu mfalme, na walikuwa na haki ya kumsifu. Mimi najiuliza kwa nini ilifika mpaka mfalme aone huruma, wakati mashine za Novello hazijaacha kuchapa. Na biashara haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1924 mpaka vita vya 1939, karibu kila mwaka Hiawatha iliigizwa katika ukumbi mkubwa wa Royal Albert Hall, mamia ya waimbaji wakiwa wamevaa manyoya na ngozi kama Wahindi Wekundu wa hadithi hiyo, na London nzima ikienda kutazama.

Sasa nisije nikamsingizia mtu. Novello haikuvunja sheria. Kwa desturi ya Uingereza wakati huo, fedha ya muziki wa kwaya ilitoka kwenye vitabu vya nota. Kila mwanakwaya alinunua chake, bei ikiwa ya chini makusudi ili hata mfanyakazi wa kiwandani aimudu. Mchapishaji alinunua kazi za vijana wengi wasiojulikana, nyingi zikamdodea ghalani, na chache zilizovuma zikafidia hasara. Ndivyo alivyojitetea, na utetezi huo una ukweli ndani yake. Kasoro yake ni kwamba kazi ikidoda hasara inagawanywa kwa wote, na ikivuma faida inakwenda upande mmoja.

Rudi nyuma zaidi ya karne moja umtazame Joseph Haydn. Mei 1, 1761, akiwa na miaka 29, mtoto wa fundi wa magurudumu na mama mpishi, alitia sahihi mkataba na ukoo wa Esterházy, matajiri wakubwa wa Hungaria. Mshahara wake gulden 400 kwa mwaka. Mkataba ulimtaka avae sare, soksi nyeupe na nywele zilizopakwa poda. Kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, asimame katika chumba cha nje kungoja bwana aseme kama leo anataka muziki. Atunge chochote atakachoagizwa. Kisha kikaja kifungu chenye sumu: asimpe mtu yeyote nakala ya kazi zake, wala asimtungie mtu mwingine bila ruhusa.

Haydn hakulalamika hadharani. Alikula, alilala pazuri, na alikuwa na okestra nzima ya kujaribia mawazo yake kila siku, neema ambayo Mozart hakuipata. Wakati huohuo nakala za kazi zake zilivuja, zikachapishwa Paris na Amsterdam na watu wasiomlipa kitu. Ulaya ilimjua Haydn. Mfuko wake haukuijua Ulaya. Kisha Januari 1779 akapewa mkataba mpya, mfupi, na kile kifungu cha kumfunga mikono hakimo. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anafanya biashara na kampuni ya Artaria ya Vienna. Baadaye akaagizwa simfoni sita za Paris, na mwaka 1791 akafika London ambako simfoni 12 na matamasha yake vilimpa fedha ambayo hakuwahi kuiota kwa miaka 30 ya sare. Naongeza kwa kicheko kwamba mzee huyu alijifunza haraka mno: kazi ileile alimuuzia mchapishaji wa Vienna na wa London, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, mpaka wakaja kugombana. Simlaumu sana. Alikuwa na miaka 18 ya kufidia.

Beethoven alijaribu njia nyingine. Mwaka 1809 alipotaka kwenda Kassel kwa mfalme Jérôme Bonaparte, mabwana watatu wa Vienna walimwandikia mkataba: florin 4,000 kila mwaka maisha yake yote, sharti akae hapohapo. Hakutakiwa kuvaa sare wala kungoja chumba cha nje. Mtunzi gani angekataa? Ila mwaka 1811 serikali ya Austria ikashusha thamani ya fedha ya karatasi mpaka sehemu moja ya tano. Mwaka 1812 mmoja wa wale mabwana, Kinsky, akaanguka kutoka kwenye farasi akafa. Wa pili, Lobkowitz, akaingia kwenye madeni. Beethoven, ambaye tunapenda kumchora nywele zikiwa timutimu akiisikiliza mbingu, alikwenda mahakamani kudai malimbikizo yake, na alipata sehemu kubwa. Hakuona haya, na hakuwa na sababu ya kuona haya.

Njia iliyokuja kuwasaidia wengi ilianzia kwenye mgahawa. Mwaka 1847, mwandishi wa nyimbo Ernest Bourget na wenzake waliketi katika mgahawa wa Les Ambassadeurs pale Paris. Wanamuziki wa mgahawa wakapiga wimbo wake, na bili ilipoletwa akakataa kulipa. Ninyi mnatumia muziki wangu bure, alisema, nami ninakunywa bure. Wakaenda mahakamani, akashinda. Mwaka 1851 kikaundwa chama cha SACEM, kinachokusanya malipo kila muziki unapopigwa hadharani. Waingereza walichelewa. Chama chao kilianza mwaka 1914, na masaibu ya nyumba ya Coleridge-Taylor hutajwa mara kwa mara miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watunzi kukubaliana. Miaka miwili tu baada ya kufa kwake.

Aliyeielewa biashara hii kuliko wote ni Giuseppe Verdi. Nota za okestra za opera zake hazikuuzwa, zilikodishwa; ukumbi ukimaliza ulirudisha, na mwaka uliofuata ukakodi tena. Mchapishaji wake, Ricordi, alipata, na yeye akapata fungu lake miaka yote. Kwa fedha hiyo alijenga Milan nyumba ya kutunzia wanamuziki wazee waliofilisika, akaagiza isifunguliwe mpaka afe kwa sababu hakutaka kushukuriwa. Ilifunguliwa mwaka 1902, na mapato ya opera zake yakaendelea kuwalisha wazee wale kwa miongo kadhaa.

Msomaji wangu mmoja wa siku nyingi ataniuliza, kama kawaida yake, haya ya Vienna yanatuhusu nini. Yanatuhusu kila Jumapili. Tanzania na Kenya zimejaa watunzi wa muziki wa sauti nne, watu wanaojua kupanga soprano, alto, tena na besi kwa solfa zilizoletwa na wamisionari, solfa hizohizo walizosomea wanakwaya wa viwandani Uingereza. Kwaya zetu huimba Haleluya ya Handel kwa Kiswahili, na huimba nyimbo za watunzi wetu mara mia zaidi. Nota zenyewe zinafikaje? Mwalimu wa kwaya mmoja anampigia picha mwenzake ukurasa, unaingia kwenye kundi la WhatsApp, jioni uko Mbeya, Bukoba na Kisumu. Jina la mtunzi mara nyingine limekatika pale juu. Mtunzi akikutana na kwaya inayoimba wimbo wake anaambiwa Mungu akubariki, naye anaitikia amina, maana ataonekana mtu wa dunia akidai kitu kingine.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli, ila angalia anayetunzwa ni nani. Kwenye taarabu noti humwangukia mwimbaji. Mpiga fidla nyuma yake hupata kidogo wakigawana, na aliyeandika shairi au kutia muziki huenda hata ukumbini hayumo.

Sheria tunayo. Ya Tanzania ni ya mwaka 1999, ya Kenya 2001, na zote mbili zinalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wajukuu wake wanaweza kula matunda yake. Lakini sheria haiwezi kumlinda aliyekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba ameuza haki zote, na kijana anayerekodiwa kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kusikika, si ya kusoma. Coleridge-Taylor alikuwa na haraka hiyohiyo. Kijana wetu akiletewa karatasi yenye maneno "haki zote", aulize ni zipi, na kwa muda gani, na kama studio itakubali kukodi badala ya kununua. Wakikataa, angalau atakuwa amejua anachokiuza.

Kwaya nazo zinaweza kuanza bila kungoja bunge. Tuseme mtunzi anaandika bei pembeni ya jina lake, shilingi 500 za Tanzania kwa nakala, na namba ya simu ya kutumia fedha. Kwaya ya watu 40 italipa shilingi 20,000 kwa wimbo ambao itauimba miaka kumi. Kwaya hiyohiyo mwaka huu imeshona sare mpya, na shilingi 20,000 hazikutosha kitambaa cha mtu mmoja.